Simi-Simi: mvua za mwezi wa tatu na miche mitatu ya makemba

Mvua ya kwanza kubwa ya mwezi wa tatu ilinyesha Simi-Simi usiku wa Jumatano. Asubuhi maji yalikuwa yamesimama kwenye mashimo ya barabara, wenye pikipiki wakipita wameinua miguu, na karibu kila parseli ilikuwa na mtu aliyeinama. Hapa Kisangani mvua haikosi mwezi wowote, maana ikweta iko karibu. Lakini mwezi wa kwanza na wa pili inapungua, udongo unakauka juu, na watu wanangoja. Ikirudi, majembe yanatoka chini ya vitanda bila mtu kutangaza.

Katika parseli moja isiyo mbali na uwanja wa zamani wa ndege, wanawake wawili walisimama kwenye kona ya nyuma wakitazama kipande cha udongo cha hatua kumi na mbili kwa nane. Mmoja ni mwenye nyumba, bibi aliyepita miaka sabini, ambaye mtaa wote unamwita Koko. Wa pili anaitwa Mama Mapasa kwa sababu alizaa mapacha, na jina hilo linamtosha. Alifika hapa mwaka 2023 akitoka ng'ambo ya mto, na watoto wanne, beseni moja na godoro lililolowa.

“Mwaka huu utapanda nini?” Koko aliuliza.

“Lenga-lenga, Koko.”

“Tena?”

“Na matembele kidogo pembeni.”

Koko hakujibu. Alichukua kijiti akaanza kuchora matuta.

Msikilizaji ambaye amelala kwa watu kwa sababu ya vita ataelewa kwa nini swali hilo lilikuwa zito. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka upande wa Lubunga na kwenye barabara ya Ubundu. Ulianza na ardhi iliyopewa kampuni ya kilimo, ukaishia kwenye mapanga, mishale na nyumba zilizochomwa. Mamia ya watu walikufa. Maelfu walivuka mto kwa mitumbwi kuingia katikati ya mji, wengine wakalala kwenye shule na viwanja vya makanisa, wengine kwa ndugu, wengine kwa watu wasiowajua. Mama Mapasa ni wa kabila gani, hilo haliandikwi hapa. Koko mwenyewe hakuuliza siku ile. Aliuliza tu kama watoto wamekula.

Koko ana sababu zake. Alikuwa msichana mdogo tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1964, wakati mji huu ulikuwa bado unaitwa Stanleyville na askari wa Ubelgiji waliruka kwa miavuli kwenye uwanja wa Simi-Simi alfajiri. Anasema alidhani ni maua. Tena mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya Kisangani, kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 mwezi wa sita, alikimbia na wajukuu kuelekea mto Lindi, akalala usiku mwingi kwenye jiko la mtu ambaye hadi leo hajui jina lake kamili. Anakumbuka kwamba mtu huyo alikuwa na mbwa mweupe. Alirudi akakuta kuku wote wamekwenda.

Basi miaka miwili hii Mama Mapasa amelima kona ile, na kila kitu alichopanda kilikuwa cha haraka. Lenga-lenga, mbegu ndogo kama vumbi, unazichanganya na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja, unatandaza majani ya mchikichi juu ili matone makubwa yasizifukue, na baada ya wiki tatu au nne unakata. Matembele ni rahisi zaidi, unachomeka kipande cha mtambaa kikashika. Anamwaga majivu ya jiko na mavi ya kuku. Jioni binti yake mkubwa anapanga mafungu kwenye meza mbele ya barabara. Siku nzuri wanauza yote, wanapata unga na sabuni. Siku mbaya wanakula wenyewe, na watoto wananuna, kwa sababu hakuna mtoto anayefurahia lenga-lenga siku ya nne mfululizo.

Muhogo hakupanda. Makemba hakupanda. Koko aliliona hilo tangu mwaka wa kwanza na akanyamaza. Muhogo unataka karibu mwaka mzima. Makemba nayo, tangu mche kuingia shimoni hadi mkungu kukatwa, ni mwaka na wakati mwingine zaidi. Anayepanda makemba anasema mwakani atakuwepo. Mama Mapasa hakutaka kusema hivyo. Mume wake yuko kwenye kazi ya mbao barabara ya Buta na anatuma pesa ikipatikana, na kila akipiga simu swali ni lile lile: kule nyumbani kumetulia?

Ijumaa, mama mmoja anayevuka kila wiki kuuza samaki aliwaambia kwamba watu kadhaa wamerudi kwenye kijiji chao kuangalia mashamba, na wamelala huko usiku wawili bila shida. Mama Mapasa alikaa kimya jioni nzima. Usiku alimwomba Koko amwachie watoto wadogo.

Jumamosi alfajiri alitoka na mmoja wa mapacha, msichana wa miaka kumi na moja aliyekataa kubaki. Walipanda toleka, wote wawili nyuma ya baiskeli moja, jambo ambalo mwenye baiskeli alilalamikia hadi katikati ya mji. Pikipiki zimekuwa nyingi siku hizi, lakini kwa mwenye pesa ndogo na asiye na haraka baiskeli bado iko. Pale kivukoni kulikuwa na watu wa Jumamosi kama kawaida: wenye suti wanaokwenda kwenye ndoa Lubunga, wanafunzi wanaokwenda kwa wazazi na gunia tupu watakalorudi nalo limejaa, mama mwenye bata watatu waliofungwa miguu. Mtumbwi wa mota ulijaa ukapita kujaa. Msichana alishika ukingo kwa mikono miwili. Mara ya mwisho alipovuka maji haya ilikuwa usiku na alikuwa na miaka tisa.

Upande wa pili ni Lubunga, ambako reli ya Ubundu inaanzia, kilomita 125 za chuma zilizojengwa ili kuzunguka maporomoko ambayo meli haziwezi kupita. Kwenye reli hiyo siku nyingi unaona mbuzi kuliko treni. Walipanda pikipiki kufuata barabara ya udongo. Kuna mahali nyumba zimejengwa upya kwa miti mipya, mabati yanang'aa. Kuna mahali pamebaki nguzo nyeusi tu na mti wa safu katikati ya ua, umezaa kana kwamba wenyewe wapo. Dereva alikuwa kijana. Hakuuliza wanakwenda kwa nani.

Nyumba yao haikuchomwa. Mlango ulikuwa umekwenda, na madirisha, na mbao za kitanda. Ndani kulikuwa kumeota majani hadi kiunoni, na kwenye ukuta alama za mkaa ambazo mapacha walipimana urefu zilikuwa bado pale. Msichana alisimama kando ya ukuta akajipima. Alikuwa ameipita alama ya mwisho kwa zaidi ya kiganja.

Shamba la makemba lilikuwa nyuma, na ndilo lililomshangaza mama. Alitegemea kukuta msitu. Alikuta njia imefyekwa, magugu yametolewa kwenye mashina, mikungu miwili imefungiwa mti wa kuishikilia isianguke. Alipokuwa amesimama pale akijiuliza akimbie au apige kelele, jirani wa zamani akatokea na panga mkononi. Ni mwanamke mzee kuliko yeye, na siku za vita familia zao hazikuwa upande mmoja.

Waliangaliana. Kisha yule jirani akaweka panga chini, juu ya jani, taratibu.

“Nimekula makemba yako,” alisema. “Msimu mzima nimekula. Niliona yanaoza.”

Mama Mapasa anasema alikuwa amejitayarishia maneno mengi kwa miaka miwili, na hakuna hata moja lililofaa kwa sentensi hiyo. Alijibu tu: “Umefyeka vizuri.”

Hawakukumbatiana. Waliketi kwenye gogo, jirani akaleta maji, wakahesabu waliokufa wa pande zote mbili waliowajua kwa majina. Ilichukua muda. Baadaye jirani alisema kwamba kurudi bado si kwa sasa. Mchana watu wanasalimiana, lakini usiku bado kuna wanaotembea na mambo yao, na mwalimu hajarudi, na dawa hakuna. “Wewe una watoto. Subiri.” Kisha akainuka: “Lakini usiondoke mikono mitupu. Chukua miche.”

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa faida ya wale wanaotaka kuhamisha makemba kutoka shamba moja hadi jingine msimu huu. Mche mzuri ni ule mwembamba wa majani kama upanga, uliotoka chini kabisa kwenye shina la mama. Ule wenye majani mapana mapema unadanganya, hauna nguvu. Kwenye mizizi, chonga udongo wote na mizizi yote. Ukiona vitundu vyeusi, mdudu ameshaingia, tupa. Jambo la kuangalia zaidi ya yote ni ule ugonjwa unaosimamisha majani juu, mafupi na membamba, yamebanana kama fungu la mboga. Mgomba wa namna hiyo hauzai tena. Yangambi wataalamu walikwishauona tangu miaka ya 1950, na hadi leo unasafiri na watu wenyewe, ndani ya miche wanayopeana kwa nia njema, kisha vidukari wadogo weusi wanaumalizia kueneza. Hauna dawa. Ng'oa, katakata, usigawie mtu.

Wanawake wale wawili wanajua hayo bila kuambiwa. Walichagua kwa nusu saa. Walitoa miwili ya Litete, ambayo mkungu wake una vidole vingi, na mmoja wa Libanga Likale, yenye vidole vichache lakini vikubwa kama mkono wa mtoto. Waliichonga, wakaifunga ndani ya gunia. Msichana aliibeba kichwani hadi barabarani na hakukubali kusaidiwa.

Jumapili ni siku ya wageni kwa Koko. Baada ya misa mwanawe mkubwa anakuja kutoka Mangobo na mke na watoto, na binti yake kutoka komine ya Tshopo na samaki kwenye kikapu, na parseli inajaa. Wanawake wanatwanga lituma, sauti ya mchi inafika kwa majirani watatu. Watoto wa Mama Mapasa na wajukuu wa Koko wanacheza mpira wa matambara bila kukumbuka nani ni mgeni. Watu wazima wanaketi chini ya mwembe.

Mwana mkubwa ndiye aliyeona gunia.

“Hii ni nini?”

“Makemba ya Mama Mapasa,” Koko alijibu. “Kesho yanaingia kwenye kona.”

Akanyamaza mpaka chakula kikaisha. Si mtu mbaya. Ni yeye aliyenunua mabati ya chumba ambamo familia ile inalala, na hajawahi kudai hata franka moja. Lakini aliponawa mikono alisema, kwa heshima, akimwangalia mama yake na siyo mgeni: “Mama, mboga sawa. Mboga inang'olewa. Mgomba hauishi, unazaa watoto wake, miaka kumi unabaki palepale. Mgeni hapandi mti.”

Wengi wa Tshopo wanaijua desturi hiyo. Anayepanda kinachodumu ameweka alama kwenye ardhi, na mbele ya wazee alama hiyo inasema. Mwana huyo ana mfano wa karibu: mjomba wake alimpa mtu mahali pa kukaa, yule mtu akapanda michikichi sita, na miaka kumi na tano baadaye watoto wa mtu huyo walikuja kudai parseli kwa kuonyesha michikichi. Kesi ilikula pesa ya familia. Na parseli ya Koko yenyewe ina karatasi moja tu ya zamani, iliyokunjwa mara nane, ndani ya mkebe wa maziwa.

Mama Mapasa alisikia yote. Alisema: “Yaya, una haki. Nilifukuzwa kwangu kwa sababu ya maneno ya nani apande wapi. Siwezi kuyaleta hapa. Nitaipeleka sokoni, atakayeitaka aichukue.”

Akainuka kwenda kuchukua gunia. Ni hapo msichana, yule aliyebeba, akaanza kulia, siyo kwa sauti, na mpira ukasimama.

Koko alipiga fimbo chini. Hakumkemea mwanawe. Alisema jambo moja: mwaka 2000 yule mwenye mbwa mweupe aliwapa jiko, na kwenye wiki ya pili aliwaonyesha migomba akasema kateni, na hakuwaambia mgomba upi. Kisha akamwuliza mwanawe: “Unaogopa mgomba au unaogopa kesi?”

“Kesi, mama.”

“Basi andika.”

Wakaleta daftari la shule. Mwana akaandika kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefanya kazi ofisini. Kwamba ardhi ni ya Koko na watoto wake. Kwamba makemba matatu ni ya Mama Mapasa, mikungu na miche yake yote. Kwamba akiondoka atakata, atachukua miche anayotaka, na mashina yatakayobaki yatakuwa ya mwenye ardhi bila deni. Mkuu wa avenyu aliitwa. Alikuja akiwa bado anatafuna, akasoma, akasema maneno ni safi. Binti wa Koko na jirani mmoja wakawa mashahidi.

Ikabaki mstari mmoja. Mwana alikuwa ameandika “hadi siku atakaporudi kwake, tarehe”, kalamu ikasimama.

“Tuandike lini?”

Mama Mapasa alitazama daftari. Wote walitazama daftari. Mkuu wa avenyu akashauri waweke mwisho wa mwaka, kisha akajirudia mwenyewe, kwa sababu makemba hayatakuwa yamekomaa. Mtu akasema miaka miwili. Mama Mapasa alitikisa kichwa, na hakuna aliyejua kama anakataa kwamba ni mingi au kwamba ni michache. Mwishowe mwana akaacha nafasi, akachora nukta kumi na mbili, akampa kalamu asaini. Alisaini. Koko aliweka kidole gumba.

Jumatatu walichimba mashimo matatu, mkono mmoja kwenda chini, hatua tatu kati ya moja na jingine. Udongo wa juu waliuweka kando, wakaurudisha kwanza pamoja na mavi ya kuku. Mwana wa Koko alipitia kabla ya kazi, akavua viatu, akachimba shimo la tatu mwenyewe bila kusema lolote. Lenga-lenga ilipandwa katikati, kwa sababu migomba ikiwa midogo jua bado linafika, na watu wanakula kila siku.

Mche wa Libanga Likale ulioza wiki ya pili. Labda maji yalisimama, upande ule uko chini kidogo. Miwili ya Litete imeshika. Mwezi wa nne ulipoanza kila mmoja ulikuwa umefungua jani jipya, limekunjwa kama karatasi ya barua. Mbuzi wa jirani alikwishajaribu mara moja, ndiyo maana mapacha wameizungushia vijiti na kipande cha chandarua cha zamani, na kila asubuhi kabla ya shule wanakwenda kujipima nayo. Kwa sasa wao bado ni warefu zaidi.

Jumamosi ijayo Mama Mapasa anataka kuvuka tena. Jirani yake wa ng'ambo alimtumia ujumbe kwa yule mama wa samaki: mkungu mmoja umekomaa, aje aukate, na kama Simi-Simi kuna mbegu ya lenga-lenga amletee kikombe kimoja.